Mche wa Ndimu Uliopigwa na Baridi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, tuliyosimama watu wazima watatu tukibishana kama kijiti ndani ya debe kiko hai au kimekufa. Ilikuwa miaka ya thelathini, chai huku Kericho bado inapandwa kwenye mashamba mapya, na baridi ya mwezi wa saba haikuwa hii yenu ya kuvaa sweta. Ukipiga chafya mlangoni, inaganda kabla haijafika chini.

Jirani yangu kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, alikuwa Odhiambo, kijana kutoka ziwani, na mkewe Awino, bibi arusi mpya. Awino alikuja na mche wa ndimu aliopewa na mama yake, akaulea ndani ya nyumba, pale dirishani. Mama huyo alimwambia, "Nitamtuma kaka yako aje auangalie. Akikuta mche umekufa, nitajua nyumba hiyo haiwezi kulea kitu. Atarudi na wewe."

Basi mvua ikavimbisha ubao wa dirisha, ukakataa kufungika, na baridi ikaingia usiku kucha. Asubuhi majani yalikuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Awino analia. Odhiambo anazunguka debe kama mtu aliyepoteza ng'ombe mia.

"Tuuweke karibu na moto," nikasema. "Kwetu mwana-mbuzi akipata baridi tunamlaza ndani."

"Na mbolea," Odhiambo akaongeza. "Upate nguvu."

Tulikuwa tumeshainua debe alipoingia Kogo, nyanya yangu, na kibuyu chake cha maziwa.

"Mnaupika?"

"Tunaupasha joto, Kogo. Kama mbuzi."

"Wewe ulizaliwa nyumba gani? Mbuzi ana upande wake ndani, mbali na moto. Umeona nani akimchoma mbuzi ili apone?"

Awino akacheka na machozi bado yanamtoka. Kogo akakwaruza shina kwa ukucha, nasi tukainama wote mpaka vichwa vikagongana. Juu, kahawia. Akashuka kidogo, akakwaruza tena. Kijani! Kijani cha kuonekana kutoka Roret, kule mbali, nakwambia.

"Uko hai," akasema. "Sasa muuache upumue."

Debe likawekwa pembeni, mbali na upepo na moshi, mahali mwanga wa mlangoni unapofika. Kila asubuhi nilipita kuuliza, "Mgonjwa ameamkaje?" Majani yakaanguka yote. Odhiambo akinyanyua kata ya maji, Awino anampiga mkono: "Gusa udongo kwanza! Utauzamisha!" Mpaka siku moja likatokeza chipukizi, dogo kama kichwa cha kiberiti. Hapo ndipo Awino alipokata ncha iliyokufa.

Kaka yake Awino alipofika, alienda kwenye debe kabla hajasalimia mtu.

"Umekonda," akasema, akiutazama mche.

"Uliugua," Awino akamjibu. "Tukauuguza."

Odhiambo nadhani hakuwa amepumua tangu jana yake. Kaka akakifinya kijani kile kidogo, akakinusa, akavuta kigoda.

"Shemeji, leta maji ninawe mikono. Nimesikia harufu ya chakula."

Basi, mwanangu, mmea wako ukipigwa na baridi ndani ya nyumba, usiukimbize motoni, usiumwagie maji kwa huruma, wala mbolea usiutie mpaka uchipue. Usiutupe pia. Kwaruza kwanza uone. Mungu akupe mkono mpole na macho ya kupenda kuchungulia, na kila unachokilea nyumbani kwako kikae kijani.