Funza wa Ndoano ya Dirishani

Mdogo wangu muuza nyama, tuliyemwita Kisu, alikuwa na ulimi mkali kuliko visu vyake. Na bucha lake lilikuwa na nzi! Mmoja aliwahi kumpokonya paka mfupa. Asiyeamini amwulize paka.

Basi nyama ya ndoano ya dirishani ikawa haiishi funza. Aliyeikata na kuitundika ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Kisu akamfokea mbele ya wateja:

"Una mkono mbaya, shemeji! Nyama ukiigusa wewe inazaa funza. Wazee walisema, mikono mingine ndivyo ilivyo."

Akamfukuza. Maneno hayana miguu lakini yanakimbia. Kila bucha likamkataa, mtu mzima akaishia kubeba mawe ya ujenzi.

Bintiye Kisu akarudi likizo kutoka chuo, akasikia habari za mjomba wake.

"Baba, hata wanazuoni wa kale waliandika kwamba funza huzaliwa na nyama yenyewe. Karne kwa karne wasomi wakanakili. Mpaka wakaja watu waliopokea ya wazee, kisha wakayajaribu. Sayansi ya leo imetoka kwao. Mmoja alifunika nyama tu, akangoja."

"Ya wazee hayajaribiwi!"

"Nami ni mzee," nikadakia, "na nusu ya niliyokufundisha ni uongo. Jaribu!"

Tukaweka vipande viwili dirishani, kimoja wazi, kingine tumekifunika kwa shashi. Vyote vikaoza, tukaziba pua. Cha wazi kikachemka funza. Cha shashi hakikuwa na hata mmoja, ila juu ya kitambaa nzi walikuwa wametaga mayai.

Kisu akakaa juu ya gogo la kukatia nyama.

"Dada, ndoano ya dirishani, penye nzi, nilimpa mimi. Ya kivulini nilijichukulia mwenyewe."

Akamfuata shemeji kwenye mawe. Yule hakutua hata mzigo.

"Kunitukana, mbele ya wateja. Radhi unaniomba kichochoroni?"

Jumamosi, bucha limejaa, Kisu akasema yote. Mama mmoja akarudisha nyama yake mezani: "Kumbe tulikuwa tunakula nini?" Wengine wakamfuata.

Shemeji alisikia kila neno, kasimama mlangoni. Akatikisa kichwa kukubali, lakini hakuingia. Bucha la ng'ambo ya barabara likamchukua.

Kila asubuhi Kisu humsalimia, naye huitikia kwa adabu, kisha huinamia nyama yake. Mdogo wangu hubaki kasimama pale, kana kwamba kuna salamu nyingine inakuja.