Mgeni Aliyekataa Kuku Wangu

Wazee wa Kamina wa rika langu, ukiwatajia yule msemaji mkubwa aliyekuja kuzungumza kwenye serkle miaka ile ya hamsini, watakusimulia hotuba yake. Watakwambia alisimama bila karatasi, akaeleza kazi ya kutumwa, namna ya kubeba neno la mtu bila kulitia chumvi yako, na makarani wenye tai wakasahau hata kukohoa. Yote ni kweli. Lakini mimi namkumbuka kwa sababu ya kuku wangu, ambaye alikataa kumla.

Serkle ilikuwa nyumba ya mikutano ya makarani na mafundi wa reli, si mbali na gare, stesheni ya treni. Baba yangu, fundi wa atelie, karakana ya reli, alikuwa mmoja wa wakubwa wake, na kwenye sherehe ya kila mwaka walialika mtu mzito aje kuwapa maneno. Mwaka ule walimpata mzee aliyeanza kama karani wa tribinali, mahakama ya huko Bukama. Baadaye Leta, yaani serikali, ikamtuma kwa machifu, na machifu nao wakaanza kumtuma kwa Leta. Ugomvi wa wavuvi wa upande wa Kabondo-Dianda, uliokuwa umeshaanza kumwaga damu, yeye ndiye aliyeuzima. Alikaa nao kwenye matope mpaka wakachoka kugombana. Alivuka mpaka hadi Rodezia na maneno ya chifu wake, akarudi na majibu, na hakuna aliyewahi kumlalamikia kwamba aliongeza neno au alilipunguza. Na mtu kama huyo aje kula nyumbani kwetu! Baba alikuwa anatembea lupangoni, uani kwetu, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mimi nilikuwa na shida yangu. Nilikuwa na mtu wangu, karani wa gare, Mkasai, mpole, mwenye mwandiko mzuri na masikio makubwa. Nilimtaka. Nasema wazi kwa sababu sasa mimi ni mzee na hakuna wa kunipiga.

Ila alikuwa ameharibu mambo, maskini. Jamaa zake wote walikuwa mbali, Kasai, na hapa Kamina hakuwa na mjomba wala kaka. Basi akavaa suti, akaja peke yake, akaketi kwenye kiti mbele ya baba na kumwambia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anataka kunioa. Peke yake! Kwetu mtu hajiombei mke. Kuna msemaji wa upande wa mume na msemaji wa upande wa mke, na wenye shughuli wananyamaza kama hawapo. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza kama amekuja kununua kinga, yaani baiskeli, na akamwonyesha njia.

"Bale Bakasai banajua kusoma," alisema, "lakini heshima balisahau mu treni."

Mama akamjibu papo hapo, "Na weye, nani alikusemea kwa tate yangu? Si yaya yako? Huyu mutoto yaya yake iko wapi?"

Tate ni baba, yaya ni kaka mkubwa, na mama alisema kweli. Baba akasema hayo si maneno ya wanawake. Tangu siku ile akaanza kumtaja mtu mmoja wa Kaniama, mwenye ng'ombe wengi na meno machache, ambaye msemaji wake alikuwa ameshatuma habari kwamba atakuja mara tu sherehe ya serkle ikiisha. Nililia mpaka macho yakavimba. Baba ni baba. Akishampokea msemaji wa Kaniama, mimi nimekwisha.

Mgeni alifika kwa treni Jumamosi, akalala kwa mapadri. Jumapili baada ya misa alikuja kula kwetu, kwa maana hotuba ilikuwa alasiri. Nilikuwa nimeamka na jogoo, nimempika kuku mkubwa kuliko wote, na bukari laini, ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo yenye mafuta ya mawese, na samaki wa Bukama juu yake. Mzee aliingia katika suti ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri, akasalimia kila mtu, hata mimi, kwa mikono miwili. Akakaa. Nikaleta maji ya kunawa.

Akayatazama. Hakunawa.

"Baba, nawa basi, chakula kinapoa," baba akasema.

"Aksanti, mwanangu. Nitangoja kidogo."

Tukangoja. Mvuke wa bukari ukaisha. Baba akamkaribisha tena, mzee akashukuru tena, kwa upole uleule. Baba akampa bia, hakuigusa. Akampa maji ya kunywa, hayo pia akayaweka chini. Jasho likaanza kumtoka baba shingoni. Alinifuata jikoni akininong'oneza kwa hasira, "Umetia nini mu ile kuku?" Loo, nilikasirika! Kuku niliyemhangaikia tangu alfajiri! Nikamwambia nimetia chumvi na kitunguu, na kama mgeni wake anaringa, basi nitamla mimi na mifupa yake.

Mama alikuwa amesimama kando, amekunja mikono, anamwangalia mzee kupitia mlangoni. Ghafla akacheka peke yake.

"Weye umekaa sana ku reli," akamwambia baba. "Umesahau kwenu. Muntu gani haguse hata maji ya nyumba? Kaende, umuulize kama iko anatumwa."

Ndiyo, baba alikuwa amesahau. Mtu aliyetumwa na neno hali wala hanywi katika nyumba aliyotumwa mpaka neno lake lijibiwe, na halisemi mpaka mwenye nyumba amuulize. Akila kwanza, amekuwa mtu wa nyumba ile, na waliomtuma hawana tena mtu.

Baba akarudi, akakaa vizuri, akauliza, "Baba, unatumwa?"

"Natumwa," mzee akasema.

Na hapo akafanya jambo ambalo, nikilisimulia hata leo, sauti yangu inabadilika. Alivua koti. Akakunja mikono ya shati. Akatoka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye sakafu yetu ya simenti, akatoa mfukoni kipande cha pemba, ule udongo mweupe wa kusalimia machifu, akajipaka mikononi, akapiga makofi polepole. Mtu aliyezungumza na magavana! Mbele ya fundi wa atelie mwenye grisi kwenye kucha!

"Baba, simama, suruali yako!" baba alilia.

Mzee hakusimama. "Kuna mutoto moja ku gare," alisema. "Jana jioni alikuja kwangu kwa mapadri. Bantu yake iko mbali, hapa hana hata moja. Alikuja kwako peke yake, akakukosea. Hakukuzarau, hakukuwa na muntu wa kumutuma. Leo iko na bantu. Minyi njo bantu yake."

Yeye ndiye watu wake! Akataja ukoo wake mwenyewe, wa baba na wa mama, kama vile ndio ukoo wa yule kijana. Mama alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Baba alitazama ile mikono myeupe. Nje, watu wa serkle walikuwa wameshafika kumchukua msemaji wao, wanapiga hodi barazani, wanasema watu wamejaa. Baba hakuwasikia, au alijifanya. Mwisho akaniita.

"Mwenye kuolewa iko hapa," alisema kwa sauti nzito. "Aseme yeye."

Mzee akanigeukia akiwa bado magotini. "Mama, sikia muzuri. Minyi nikikula hii kuku, weye umeenda. Nikule?"

Mimi, ambaye mama alikuwa analalamika kila siku kwamba nina mdomo mrefu kama reli, nilimwangalia baba. Naye alikuwa ananiangalia. Nikachukua bakuli la maji, nikapiga magoti mbele ya mzee, nikamimina juu ya mikono yake mpaka ule weupe wote ukatoka.

"Kula, baba," nikasema. "Hata mufupa usiache."

Baba akacheka kwanza, halafu akageuza uso ukutani. Mzee alikula. Alikula kuku aliyepoa na bukari iliyoshika ngozi, kwa furaha kama mtu wa harusi, na watu wa serkle wakangoja.

Tulipokuwa tunakwenda ukumbini, mama na mimi tukitembea nyuma yao, nilimsikia baba akimuuliza kwa huzuni, "Baba, mbona hukuniomba tu? Muntu kama weye, ningekupa kila kitu."

"Ungenipa minyi," mzee akasema. "Nilitaka umupe yeye."

Baba aliendelea kutembea ameinamisha kichwa mpaka mlangoni.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Sisi wanawake tulibanana kwenye benchi za nyuma. Ilikuwa kazi ya baba kupanda jukwaani kumtambulisha mgeni, na alipanda, akasimama, akakohoa na kukohoa mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Bantu ya Kamina," alisema mwishoni, "mugeni mutamusikia sasa hivi. Kwanza niwaonyeshe mukwe wangu. Iko kule ku mulango, anasimama na bale ba gare. Mwanangu, kuya. Kuya hapa mbele, usiogope."

Yule wangu hakuelewa. Wenzake ndio walimsukuma. Akapita katikati ya watu wote akijishika masikio yake yale kwa haya, na baba akashuka jukwaani, akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Mimi nikalia kwa sauti mbele ya Kamina nzima, na mama hakuniambia ninyamaze.