Ruta ya Zamani na Makoti ya Wauguzi

Mtaani wanamwita Mama Vifuniko, na ukiingia sebuleni kwake hutauliza kwa nini. Televisheni ina kifuniko. Redio ina kifuniko. Blenda, ambayo hutumika kila siku, huvuliwa na kuvishwa kila siku. Ni mshonaji, na kitu kisicho na nguo humkosesha raha.

Asubuhi hiyo raha ilikuwa imemtoka kwa sababu nyingine. Binti yake na wenzake wa chuo cha uuguzi walikuwa wanahitimu kesho yake, naye alikuwa amejitolea, mbele ya darasa zima, kudarizi nembo kwenye makoti yao. Makoti yalikuwa mezani, meupe pe, bila nembo hata moja. Nembo ilitakiwa ishuke kutoka mtandaoni hadi kwenye mashine mpya ya kudarizi, na mashine hiyo haishiki Wi-Fi, inataka waya. Ruta ilikuwa sebuleni. Chumba cha kushonea kiko uani.

"Toboa ukuta tupitishe waya," alimwambia mumewe.

Mumewe ni mpaka rangi, na kuta hizo alikuwa amezipaka upya juzijuzi. "Mama watoto," alisema, "niombe figo."

Ikabidi ampigie shemeji yake, mdogo wa mume, fundi wa simu. Alifika akicheka tangu mlangoni.

"Shemeji, kaka anapenda ukuta kuliko wewe?"

"Ukuta haumjibu."

"Ile ruta yenu ya zamani mliitupa?"

"Mimi nitupe kitu?" Akaitoa kabatini, imefungwa kwa kitambaa.

Shemeji akaiunganisha na kompyuta, akafungua ukurasa wake wa mipangilio. Akaibadilisha: badala ya kurusha Wi-Fi yake, idake ile ya sebuleni kama simu inavyodaka. Akaandika nywila ya nyumbani. Akaipa anwani tofauti na ya ruta kubwa, kisha akaizuia isigawe anwani kwa vifaa vingine. "Wagawaji wakiwa wawili," alisema, "simu za humu ndani hazitajua zimsikilize nani."

Akaiweka juu ya rafu chumbani uani, akachomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye mashine. Kioo cha mashine kikaonyesha mtandao upo. Mama Vifuniko akapiga kigelegele, na shemeji akarudi dukani kwake.

Alipobaki peke yake, akaitazama ile ruta. Iko uchi, na chumba chenyewe kina vumbi la nyuzi. Hakuvumilia. Akachukua vipande, akakata, akashona kifuniko kizuri, na ndani akatia bitana ya karatasi ya bati iliyobaki aliposhona mifuko ya kubebea chakula cha moto. Akaivisha. Ikaenea barabara. Ndipo akabonyeza mashine ishushe nembo.

Hakuna mtandao.

"Umegusa nini?" shemeji aliuliza kwenye simu.

"Sijagusa kitu!"

"Shemeji."

"Haki ya nani, sijagusa. Nimeivisha tu."

"Umeivisha nini?"

Akamweleza, mpaka bitana. Upande wa pili kicheko kililipuka, wateja wakasikika wakiuliza kuna nini.

"Umeifungia ndani ya sufuria! Mawimbi hayapenyi kwenye bati. Ivue!"

"Na vumbi?"

"Utaipangusa. Ivue, shemeji, wauguzi wanakusubiri."

Alisita, kwa kweli alisita. Kisha akakivua kifuniko taratibu, kama anayemfunua mtoto aliyelala. Muda si mrefu, nembo ikashuka: taa ndogo katikati ya majani mawili. Akaijaribu kwanza kwenye kitambaa chakavu, akaikagua mbele na nyuma, ndipo akatandika koti la kwanza. Sindano ikaanza kukimbia, naye akaimba kwa sauti hadi mumewe akachungulia dirishani.

Jioni wauguzi waliingia uani kwa kelele, kila mmoja akilivaa koti lake na kuwavalisha wenzake. La binti lilitoka mwisho, bado lina joto la pasi.

"Simama wima," alimwambia, akimnyoosha kola.

Binti akainamia kifua chake, akatazama na vya wenzake. "Mama, mbona uzi wangu unang'aa kuliko wa hawa?"

"Macho yako hayo," alijibu Mama Vifuniko, akiisukuma rili ya uzi wa hariri ndani kabisa ya mfuko wa aproni.