Nilivyouza espresso hatua kumi kutoka kwenye birika la Hemedi, Kariakoo

Walisema sitamaliza mwezi.

Wakuu, poleni na joto. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonisukuma kuandika. Yote yamenikuta mimi mwenyewe, na anayepita mitaa ya ndani kutokea Msimbazi anaweza kuja kunihoji nikiwa kazini.

Mjomba wangu wa Magomeni alisema mtu wa Kariakoo hanywi kahawa ya umeme. Rafiki yangu mmoja akasema mashine itaishia kwa wauza vyuma chakavu. Mwingine akasema diploma ya hoteli ni ya kubebea masinia.

Sawa. Mimi niliondoka Bongo na begi moja. Nimefanya kazi miaka sita kwenye hoteli za Uarabuni, na diploma yangu nimeisoma huku naosha vikombe vya watu. Hakuna aliyenishika mkono. Nilirudi na mashine ya espresso, ya mtumba lakini nzima, nzito kama mbuzi wawili.

Akiba yote iliishia kwenye kuinunua na kuisafirisha. Vilivyobaki niliazima.

Benchi niliazima kwa seremala wa jirani. Kibaraza na umeme nilipewa na Bi Zuhura, fundi cherehani, kwa mwezi mmoja tu. Sharti lake lilikuwa jepesi kulisema: nikileta watu wa kukaa pale wakaona magauni yake, nabaki. Nisipoleta, nafasi anapewa muuza mitandio ambaye alikuwa ameshaiomba mara mbili.

Vikombe dazeni moja nilipewa na Hemedi.

Hemedi ni mtu wa Lindi, rika langu, anauza kahawa ya birika hatua kumi kutoka pale. Mtajiuliza kwa nini aniazime vikombe. Nadhani alitaka kuuona mwisho wangu kwa karibu.

"Chukua, Bwana Diploma," aliniambia. "Wakikukimbia watakuja kunywea kwangu, vikombe ni hivi hivi."

Hapa nisimame kidogo, maana wengi wanachanganya.

Espresso si aina ya mbegu. Mbegu ni hizi hizi zetu. Tofauti iko kwenye namna ya kuitoa kahawa ndani ya unga. Hemedi anatwanga kahawa ikabaki na chenga, anaitia kwenye birika na maji, moto wa mkaa unafanya kazi taratibu. Espresso unga wake ni laini sana, unashindiliwa kwenye kijiko cha chuma, halafu mashine inasukuma maji ya moto kwa nguvu yapenye. Sekunde ishirini na tano hadi thelathini, umemaliza. Unapata kikombe kidogo, kizito, chenye povu la kahawia juu.

Na wale wanaosema espresso inasimamisha moyo: kwa tone moja moja ni kali kweli, lakini kikombe chake ni kidogo. Bilauri kubwa ya kahawa ya kuchuja mara nyingi inakuwa na kichangamsho kingi zaidi.

Turudi kwenye kisa.

Mashine yangu ya kusagia ilifika imevunjika. Siku ya kwanza nikatumia kahawa ya kutwanga kama ya Hemedi. Maji yalipita kama yanamwagwa kwenye kokoto, nikahesabu mpaka sita kikombe kikawa kimejaa. Yalitoka maji ya kahawia, basi.

Nikaenda kwa Mama Nisha, ambaye familia yake ina duka la viungo na mashine ya kusaga bizari. Nikasaga kahawa yangu pale. Unga ukatoka laini kama poda. Kesho yake kahawa ilishuka taratibu kama asali, na povu lake. Nilitazama ile rangi nikajisemea, hawa watajua mimi ni nani.

Kosa langu ni kwamba niliitazama, sikuionja.

Kikombe cha kwanza nilimpa Kassim, muuza khanga wa jumla. Akapiga funda, akapiga la pili.

"Kaka," akasema, "hii kahawa ina pilau."

Hemedi akasikia kule aliko. "Basi mletee na kachumbari."

Ilikuwa jira ya pilau, iliyobaki kwenye mashine ya Mama Nisha. Jira tupu. Wiki nzima waliniita Pilau, na benchi la seremala likakaliwa na mimi peke yangu. Muuza mitandio akaja akapima kibaraza kwa hatua zake huku nimesimama.

Nikarudi kwa Mama Nisha. Alicheka mpaka akaketi.

"Wewe umesoma hoteli, halafu unasaga kahawa juu ya jira? Saga mchele mkavu kwanza. Ukitoka, mwaga, saga mwingine. Mchele unabeba harufu. Kisha njoo asubuhi, kabla sijaanza bizari."

Nikafanya hivyo. Siku tatu nilipima unga na sekunde, na safari hii kila kikombe nilionja kabla ya mtu yeyote.

Ilibaki wiki moja. Nikamfuata Hemedi, nikanunua kahawa kwenye gunia lake mwenyewe, tukagawana. Nusu akachemsha yeye, nusu nikatoa mimi. Watu wakajaa kibarazani, Bi Zuhura akaweka mkasi chini.

Hemedi akanywa ya kwangu.

"Hii imekuja na hasira," akasema. "Lakini ni kahawa."

Kassim akanywa zote mbili. Kesho yake alirudi na wenzake wawili. Mwezi ulipoisha benchi lilikuwa halitoshi, na Bi Zuhura alikuwa na oda za magauni kutoka kwa watu waliokuja kunywa kahawa. Muuza mitandio alipata nafasi ng'ambo ya barabara. Siku hizi anakunywa kwangu.

Kisha ikafika siku ya kulipa. Seremala nilimrudishia benchi lake na kumpa oda ya mawili mapya. Mama Nisha nilimpelekea mfuko wa mchele. Bi Zuhura alipata kodi yake ya kwanza.

Hemedi nilimpelekea vikombe dazeni nzima, safi, nimevifunga kwenye gazeti. Hakuvipokea.

"Nilipe kingine," akasema. "Mwezi mzima unawaambia watu yako espresso, yangu kahawa ya kawaida. Kawaida ya nani? Mimi naamka alfajiri, nakaanga, natwanga. Wewe unabonyeza swichi."

Watu walikuwa wanasikiliza. Mimi na diploma yangu nikasimama pale nikasema: kahawa ya Hemedi si ya kawaida, ni ya kuchemsha. Ya kwangu ni ya kusukumwa. Mbegu moja, kazi mbili.

"Sasa umelipa," akasema. Halafu akachukua na vikombe vyake vyote.

Funzo langu ni fupi: onja kabla hujampa mteja, hata kama rangi inakusifu.

Mwenye hoja juu ya espresso ailete hapa chini, nitajibu. Ila asiniandikie "kahawa ya kawaida". Hilo deni nimeshalimaliza.