Jina la Kwenye Mchele

Jirani yangu hapa Makoko ni mjane wa Kimarathi, kutoka India. Marehemu mumewe alikuwaga fundi wa mashine za pamba kule Bunda. Jana tulikuwa tunachagua mchele, akaniambia kwao siku ya harusi bwana anamwandikia mkewe jina jipya kwenye sinia la mchele, kwa pete. Mke anabadilishwa jina lake lenyewe, siyo la ukoo tu! Nikakasirika. Nikamuuliza la utotoni ni lipi. Akaliandika kwa kidole kwenye ungo, kwa herufi za kwao, hakulitamka. Waliokuwa wakimwita hivyo, alisema, wamekufa wote.

Na mimi mtaani naitwa kwa jina la mwanangu, na mwanangu hapigi simu.

Nikaandika langu chini ya lake. Kisha tukaupika ule mchele.