Konokono ya Jiwe na Jina Yangu

Mwenye kusema nadanganya aende Bweremana, ataona fondasio, musingi wa nyumba yangu, imejaa majani. Muntu kama miye anaacha nyumba hivi hivi? Miye niliyeacha masomo mwaka wa tatu wa primeri, nikauza maziwa ya Muheto, kwetu Masisi, kwa miguu, leo niko na ngombe zangu na gari yangu! Siogopi kivuli. Na haikuwa usiku. Ilikuwa mchana, jua kali.

Nilikuwa nachimba ile fondasio, juu ya kilima, mbali na ziwa, chepeo ikagonga konokono. Mukubwa kama ngumi, amejizungusha vizuri, lakini ni jiwe tupu. Konokono ya maji, juu kule! Mwalimu mumoja akaniambia zamani ziwa lilifika pale, na kwamba watu wa muze ya Goma, penye wanachunga vitu vya zamani, wataipokea na kuandika ukutani jina ya mwenye kuitoa. Jina yangu ukutani! Nilivaa koti, nikaweka konokono katika ndoo kavu ya maziwa, nikawasha gari.

Kufika Kirotshe, kando ya ziwa, mwanamuke akanisimamisha. Nguo yake ilikuwa inatiririka maji. Nikafikiri ametoka kufua, nikamupakia.

Akaangalia ndoo. "Papa, ni nani aliitoa hiyo?"

"Njo miye! Nani mwingine?"

"Weye, na koti hii? Labda wafanyakazi wako."

Eeh, aligusa penye kuwasha! "Mama, angalia hii mikono! Miye niliitoa, miye mwenyewe!" Nikamutajia jina yangu, ya baba, ya babu, mpaka ile ya ubatizo.

"Rudilia, nisisahau."

Nikarudilia kwa sauti. Akacheka kama muntu aliyeshiba. "Aksanti, Papa. Sasa tunakujua."

Tunakujua? Yeye na nani? Nikageuka kumuuliza. Hakuna muntu! Gari inakimbia, mlango umefungwa, kiti kikavu. Lakini ndoo ilikuwa imejaa maji mpaka juu, na kando ya ile ya jiwe kakonokono kadogo kazima kanatembea.

Munaelewa? Miye nilifikiri anatafuta mwenye kuitoa ili amusifu, kama watu wa muze. Yeye alikuwa anatafuta mwenye kuitoa udongoni, pale penye zamani ziwa lilikuwa kwao, ili wamwite.

Kurudi? Miye? Nilimwaga maji na kale kadogo ziwani, nikaenda Goma. Dada wa muze aliishika kwa mikono miwili, akaita wenzake, wakapiga picha. Furaha ilinipanda! Akachukua bic: "Papa, tuandike jina gani?"

Nikafungua mudomo. Njo nikasikia, dirishani, upande wa ziwa, ile sauti ya mwanamuke inaniita. Jina zote, moja moja, tamu kama mama anayeita mutoto kula. Mguu wangu ukaanza kwenda mlangoni wenyewe. Nikashika meza.

"Andika: muntu wa Masisi."

Mpaka leo njo imeandikwa hivyo. Wageni wanasimama pale wanashangaa, na miye nyuma yao, nimepa dirisha mugongo, nafunga mudomo. Miye! Bweremana sirudi, sababu kila nikiona ziwa naitwa.

Mukichimba kitu cha ajabu, mupeleke muze, ni heshima kubwa. Lakini muntu mwenye nguo ya maji akiuliza nani aliitoa, mujibu hamujui. Hamuoni hata hapa sijaweka jina yangu?