Kuhamisha Namba ya Gari la Zuwena

Jumatano, wiki moja kabla ya Ramadhani ya mwaka jana, mke wangu Zuwena alifariki nyumbani kwetu Ibra. Gari lake likabaki chini ya banda, na namba zake mbele na nyuma. Mwaka huu binti yetu Asila, ambaye ni mwalimu, amenunua gari jipya Nizwa, akasema hataki namba nyengine yoyote ila ile ya mama yake. Kuhamisha namba na bima ndiyo kazi niliyoifanya umri wangu wote wa utu uzima. Vijana wanaoifanya sasa wameniomba niandike kazi hiyo ilikuwaje zama zetu. Nitaandika, na habari ya namba ya Zuwena nitaitia humo humo, kwa sababu siwezi kuzitenganisha.

Mimi nilisoma Unguja mpaka darasa la saba. Kiarabu cha kuandika nilikipata ukubwani, baada ya kuja huku kwa Waarabu. Niliajiriwa Ibra kwenye duka la magari, kazi ya mandubu, yaani mtu anayezunguka maofisini kwa niaba ya duka. Mudiri wetu, mkuu wa duka, alikuwa mzee wa Kiibra aliyekulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha kufoka. Siku ya kwanza nilivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi nikidhani nitakaa mezani. Akanipa penseli na karatasi nyembamba, akanipeleka uwanjani, akafungua boneti ya pikapu moja.

"Unaona nini humo?"

"Chuma, bwana."

"Tazama vizuri wewe, usinione mjinga."

Nikainama. Pembeni kulikuwa na namba ndefu imepigwa kwenye bodi lenyewe. Akanionyesha kuweka karatasi juu yake na kusugua penseli mpaka namba ikatokea. Kabla ya kompyuta ndivyo tulivyokuwa tukifanya.

"Hiyo ndiyo chesi. Gari limezaliwa nayo na litakufa nayo. Hivi vibao vya mbele na nyuma ni nguo tu, linavua linavaa. Sasa niambie, bima utaikata kwa namba gani?"

"Ya kibao, bwana."

"Jamani, njooni msikie!" Akawaita wenzangu wote. "Tumeajiri mtu anayekata bima ya kanzu!"

Walinicheka mpaka adhuhuri, na ile kanzu yangu ikawa nyeusi kwa grisi. Lakini somo liliingia. Bima inafuata chesi na jina la mwenye gari. Namba ya kibao inamfuata mtu, ikiwa ameizuia mapema. Mtu anayeuza gari lake la zamani na anaipenda namba yake, lazima aseme anaibakisha kabla gari halijaingia mkono wa mwengine. Akinyamaza, namba inaondoka na gari. Gari likiwa limetumika linapelekwa kwanza fahas, ndiyo ukaguzi. Halafu bima, kwa jina la mnunuzi. Halafu trafiki, wanaotoa mulkiya, ile kadi inayosema gari hili ni la fulani. Vibao vinafungwa mwisho.

Mtu akisikia hivi anadhani ni kazi ya makaratasi tu, kazi kavu. Wallahi haikuwa kavu. Fikirini: kila mtu aliyekuja kwangu alikuwa ndiyo kwanza kanunua gari. Nani anakuja amenuna siku hiyo? Walikuja na watoto, na mama zao, na sahani ya halwa na birika la kahawa. Nilikula halwa ya watu mpaka Zuwena akasema nyumbani haipiki tena, nitosheke na ya wateja.

Baadaye duka likanihamishia Sur, kwenye tawi lake la magari na bima. Mkuu wa tawi alikuwa mtu mpole, lakini alikuwa na neno moja alilolirudia kila asubuhi: "Mteja akishashika ufunguo, hasikii tena. Wewe sikia kwa niaba yake." Nikaja kulielewa siku alipokuja nahodha mmoja mstaafu kuchukua gari lake la kwanza la maisha yake. Mulkiya ilikuwa bado, bima ilikuwa inachapwa, na yeye alishaingia garini amewasha, mama yake yupo nyuma, wajukuu wanapiga kelele. Alitaka akazunguke mjini mara moja tu, watu wamuone. Mimi vibao nilikuwa navyo mkononi. Nikaweka kiti mbele ya gari, nikaviweka vibao juu ya kiti, nikavikalia.

"Wee Mswahili! Umekalia namba yangu!"

"Naitia joto, nahodha."

"Ondoka hapo! Nimeendesha majahazi mimi kabla baba yako hajaoa!"

"Na majahazi hayagongani na mbuzi wa watu. Ngoja bima."

Mama yake akatoa kichwa dirishani, akasema, "Mwache mwenzio, ana haki. Zima gari, tunakufa joto." Akazima. Bima ilipotoka nilimfungia vibao mwenyewe, akanikumbatia kwa nguvu, kilemba changu kikaanguka. Tangu siku hiyo, kila nikipita pwani ya Sur alikuwa akinipigia honi na kuniita Mkalia Namba.

Mwisho nilipelekwa Nizwa, na huko ndiko nilikostaafu. Mkuu wetu alikuwa mwanamke kijana aliyesoma sana, na ndiye aliyetuletea kompyuta. Alinikalisha karibu yake kila siku baada ya sala ya adhuhuri, akanifundisha, bila ya kunicheka hata mara moja. Yeye ndiye aliyenikabidhi magari ya marehemu. "Hayo yanataka watu wazima," alisema. "Wafiwa wanahitaji mtu asiyeharakisha." Gari la marehemu halihamishwi na mtu mmoja. Linakuwa la warithi wote, na namba pia, na kila mrithi lazima akubali kwa saini mbele ya ofisi inayothibitisha. Mmoja akikataa, gari linakaa pale lilipo. Nimewahi kuona magari mazuri yameota kutu mpaka milango haifunguki.

Sasa mambo ni mepesi. Asila alikata bima ya gari lake jikoni, simu mkono mmoja, mkono wa pili anageuza sambusa. Nikamuuliza, "Chesi umeiandika sawa?" Akanisomea yote huku mafuta yanachemka, nami nikaifuata kwa kidole kwenye karatasi ya duka. Ilikuwa sawa. Nilifurahi kama siku zile za kazi. Nilikuwa sijafurahi hivyo tangu tulipomzika mama yake.

Warithi wa Zuwena tulikuwa wanne: mimi, Asila, kaka yake Hilal, na mama mkwe wangu Bi Nasra, anayeishi Nizwa kwa mwanawe mwengine. Sisi watatu tulikwishaelewana. Gari la zamani litavaa namba nyengine na kuwa la Hilal, namba ya mama yao itakwenda kwa Asila. Si namba ya fahari. Asila alijifunza kuhesabu kwa kuisoma, amesimama nyuma ya gari na kidole chake. Kilichobaki kilikuwa saini ya Bi Nasra tu, na Bi Nasra alikuwa amekataa kwa simu mara zote alizoulizwa. Na muda haukuwepo. Asila alikuwa amehamishiwa skuli ya Al Kamil, skuli inafungua Jumapili, na duka haliwezi kumtolea gari bila namba. Bibi akikataa tena, Asila atachukua namba yoyote, na ile ya Zuwena itabaki chini ya banda.

Tulikwenda Nizwa kwa gari la Hilal, vibao vya Zuwena nimevifungua nikavichukua. Njiani Asila akaniinamia.

"Baba, Bibi anaogopa jina la Mama litafutwa. Kaka alimwambia linabaki. Na mimi nilimwambia. Akikuuliza, na wewe mwambie hivyo."

"Lakini halibaki."

"Najua, Baba. Ni neno dogo tu."

"Mimi siliwezi."

"Na akikataa?"

"Atakuwa amekataa, mwanangu."

Akageukia dirishani mpaka tukafika.

Bi Nasra alikuwa amekaa kwenye mkeka, kahawa na tende mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja wote watatu, basi mna haja. Kuleni tende kwanza, msije mkasema nimewakatalia na njaa."

Tukala. Akanitazama mimi.

"Hawa watoto niwaache. Wewe kazi hii umeifanya mpaka nywele zimekwisha. Ile kadi ya gari imeandikwa jina la mwanangu. Namba ikihamishwa, jina linabaki?"

Hilal akakohoa. Asila akashika shela yake akaikunja.

"Halibaki, mama," nikasema. "Kwenye namba litaandikwa la Asila, na kwenye gari la zamani litaandikwa la Hilal. Kule trafiki Zuwena hatakuwa na gari tena."

Akamimina kahawa, kikombe kikajaa kupita kiasi, akaendelea kukitazama.

"Hilal," akasema baadaye. "Si ulinambia linabaki?"

"Bibi, nilidhani..."

"Hukudhani. Na wewe, mwalimu! Ndiyo mnayosomesha huko skuli?"

Asila akacheka na machozi yanamtoka. "Nisamehe, Bibi."

"Mtu akifa hufutwa kila pahala, kwani mie nimezaliwa jana? Babu yenu walimfuta mpaka kwenye bili ya maji. Nilichokuwa sitaki ni kudanganywa kama mtoto, nikatia saini sijui natia nini. Haya, nipeni baibui langu."

"Leo hii, Bibi?" Hilal akauliza.

"Unataka nife na mie kwanza, warithi wazidi?"

Tukaondoka naye saa ile ile. Kwenye ofisi ya kuthibitisha, karani akamwambia kidole kinatosha. Akasema yeye anajua kuandika, akaliandika jina lake pole pole, foleni yote inamngoja. Kutoka hapo trafiki, kutoka trafiki duka la magari. Mulkiya mpya ilipotoka niliisoma: namba ile, chesi mpya, jina la Asila. Bima nayo nikaisoma, zikalingana. Fundi wa duka akataka kunisaidia, nikamwambia aniachie. Nikavifunga vibao mwenyewe, mbele kisha nyuma, na skrubu ya mwisho nikaikaza zaidi kuliko inavyotakiwa.

Vijana wananiuliza kama nina hamu na kazi. Foleni sina hamu nazo. Hamu yangu ni zile nyuso. Mtu anapoona namba yake imekaa kwenye gari lake, anarudi nyuma hatua chache, anatazama, halafu anakutazama wewe kama kwamba wewe ndiye uliyelitengeneza lile gari. Asila alinitazama hivyo, na nilishukuru kuwa nimekaa ulimwenguni nikauona uso ule.

Bi Nasra akasema hataki kurudi nyumbani, anakuja kulala kwetu Ibra. Akakaa mbele kwenye gari jipya, Asila akiendesha, mimi nyuma, Hilal akatufuata na gari lake. Tulipoingia barabara ya Sinaw, Asila alikuwa akienda taratibu mno, malori yakitupita.

"Kwani tumepakia mayai?" Bi Nasra akauliza.

"Nakustahi, Bibi."

"Mamako alikuwa akinipeleka hospitali mwendo huu?"

"Hapana, Bibi. Mama alikuwa akikimbiza."

"Najua. Nilikuwa nikifumba macho nikisoma Ayatul Kursi njia nzima." Akavuta mkanda kifuani ukakaza. "Haya, twende."

Asila akanitazama kwenye kioo. Nikaangalia kibao cha barabarani kinachoonyesha mwisho wa mwendo.

"Mpaka hapo kinapoandika," nikamwambia. "Usizidishe."

Akafika hapo hapo. Bi Nasra akafumba macho, na midomo yake ikaanza kusoma.